Tumbo Moja, Meza Mbili

Msimu wa kaskazi unapoingia, sisi watu wa pwani huziona zile meli nyeupe zikitia nanga mbele ya miji yetu, ghorofa juu ya ghorofa, na usiku zikawaka taa kama mtaa mzima ulioamua kuelea. Abiria wake hushuka asubuhi, hutembea vichochoroni, hununua vikoi na viungo, na wengi wao hurejea chomboni kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa chakula hicho wamekwisha kukilipia. Ndivyo tulivyozoea kudhani: kwamba apandaye meli ya kitalii hulipa nauli mara moja, na ndani ya nauli hiyo mna malazi, mwendo na mlo.

Mpwa wangu, aliyehudumu mezani katika mojawapo ya meli hizo kwa miaka sita, ndiye aliyenitoa katika dhana hiyo. "Mjomba," aliniambia tulipokuwa barazani baada ya isha, "mle ndani mna meza mbili. Iko ya waliolipa, na iko ya waliolipa tena." Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwani maneno yake yalikuwa yamebeba swali. Je, meza ya pili yastahiki bei yake? Na nini hasa maana ya kustahiki bei, ikiwa mwenye kuuliza amekwisha kushiba?

Kwanza tueleze mambo yalivyo, tusije tukahukumu kwa uvumi. Katika meli kubwa za kitalii za leo, nauli huchukua chakula cha ukumbi mkuu, ambako mhudumu huleta sahani moja baada ya nyingine, na chakula cha bafe, ambako kila mtu hujipakulia. Mtu aweza kusafiri siku saba, akala mara tatu kwa siku, wala asilipe zaidi kwa ajili ya chakula ila bakshishi ya wahudumu. Lakini kando ya kumbi hizo iko migahawa mingine: wa nyama ya kuchoma, wa Kitaliano, wa Kifaransa, wa samaki wabichi kwa mtindo wa Kijapani. Humo abiria hulipa upya, aghalabu kati ya dola 30 na 70 kwa mlo mmoja, na katika meli nyingi huongezwa asilimia 18 au 20 ya huduma. Kuketi meza moja na mpishi mkuu huweza kupita dola 100. Meli iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari zake mwaka 2024, yaweza kuchukua abiria wapatao 7,600, na ina mahali pa kula zaidi ya 20. Baadhi yamo ndani ya nauli, na baadhi hayamo.

Jambo hili si geni kama linavyoonekana. Mwaka 1905 meli ya Kijerumani iliyoitwa Amerika ilifunguliwa mkahawa uliobeba jina la Ritz, na orodha ya vyakula vyake ilitungwa na Auguste Escoffier, mpishi mashuhuri wa Kifaransa. Abiria wa daraja la kwanza, ambaye tayari alikuwa na kiti katika ukumbi wa kulia, aliweza kuuacha ukumbi ule, akaenda kuagiza alichokitaka kwa saa aliyoitaka, na akalipa. Waingereza waliufuata mfano huo. Titanic ilipong'oa nanga mwezi wa Aprili mwaka 1912, ilikuwa na mkahawa wa namna hiyo, ulioendeshwa na Mtaliano Luigi Gatti kama biashara yake mwenyewe.

Iko tofauti moja kati ya zama zile na zetu, nayo ndiyo iliyonishika. Abiria wa Titanic aliyenuia kula safari nzima katika mkahawa wa Gatti alipunguziwa nauli yake. Kampuni ilikiri jambo lililo wazi kwa kila mwenye akili: binadamu ana tumbo moja. Asiyekula hapa, hakula hapa. Basi na arejeshewe kitu. Leo mambo hayako hivyo. Abiria anayelipa dola 50 ili ale nyama ya kuchoma jioni ya Jumanne hakurejeshewa hata senti moja ya mlo alioukimbia. Amenunua milo miwili, akala mmoja. Kwa hiyo anapojiuliza kama nyama ile ilikuwa na thamani ya dola 50, swali lake limepungua nusu, kwani bei yake ya kweli ni dola 50 pamoja na sahani iliyobaki bila mlaji katika ukumbi mkuu.

Hata hivyo, hesabu peke yake haimalizi shauri. Tuulize kile kinachonunuliwa. Naona ni vitu vitatu, na hukumu ya kimoja si hukumu ya vingine.

Cha kwanza ni utamu. Mpishi anayewapikia watu 80 anayo nafasi ambayo anayewapikia watu 2,000 hanayo. Anaweza kutia nyama motoni baada ya kuagizwa, na kuitoa kwa dakika yake. Yeyote aliyewahi kupika pilau ya nyumbani na pilau ya arusi anajua kuwa sufuria kubwa ina sheria zake. Mwenye ulimi wa kuitambua tofauti hiyo, na mfuko wa kuilipia, hakudhulumu mtu kwa kuifuata. Wahenga wenyewe walisema kipendacho moyo ni dawa.

Cha pili ni utulivu. Mume na mke wanaotimiza miaka 30 ya ndoa, au mwana aliyemleta mama yake baharini kwa mara ya kwanza, huenda hawataki zogo la bafe wala meza ya watu wasiowajua. Wanataka saa mbili za kutazamana. Hapo chakula ni kisingizio tu, nacho ni kisingizio kizuri. Ikiwa saa hizo zitakumbukwa wakati ladha ya mchuzi imekwisha kusahauliwa, bei ile haikuwa ghali.

Cha tatu ni cheo, na hapa ndipo ninaposita. Wako wanaolipa kwa sababu wengine hawalipi. Mlango wenye pazia, kitambaa kizito cha mezani, na jina linalotamkwa na mhudumu kabla mwenyewe hajalitaja, vyote hivi huwa vitamu kwa kadiri vinavyokosekana kwa jirani. Ukiwapa abiria wote pazia na kitambaa kile kile, utamu wake utatoweka siku hiyo hiyo. Bidhaa ya namna hii haishibishi, kwani haikutengenezwa ili ishibishe. Aliyeinunua jana atatafuta leo iliyo juu yake.

Madhara yake hayaishii kwa mnunuzi. Kampuni inapopata faida katika meza ya pili, meza ya kwanza hugeuka kuwa mshindani wake yenyewe. Kila kilicho kizuri katika ukumbi mkuu ni sababu ya abiria kutolipa tena. Sisemi kwamba wenye meli hukaa usiku wakipanga njama ya kuharibu mchuzi. Nasema kwamba mizani imeinama upande mmoja, na kilichowekwa juu ya mizani iliyoinama huteleza kidogo kidogo bila kusukumwa na mtu. Katika baadhi ya meli, hata ndani ya ukumbi mkuu wenyewe, sahani kama kamba-koche na vipande bora vya nyama sasa huandikwa bei pembeni. Yaani meza ya pili imevuka ukuta, ikaketi juu ya meza ya kwanza. Basi anayelipa ili aikimbie meza ya wote husaidia, bila kukusudia, kuifanya iwe meza ya kukimbiwa.

Sisi tuliolelewa kwenye sinia tunalo la kusema hapa. Katika sinia moja mikono sita huingia, ya tajiri na ya maskini, na mwenye adabu hula upande wake, akasukuma kipande cha nyama kwa mgeni. Imam Ghazali alitenga kitabu kizima cha Ihya kwa ajili ya adabu za kula, na miongoni mwa adabu hizo ni kula pamoja na kupendelea mikono mingi juu ya chakula kimoja. Si kwamba mikono mingi huongeza chumvi. Ni kwamba chakula cha wote humlinda kila mmoja: aliye mnyonge hali vibaya pale ambapo mwenye nguvu anakula papo hapo. Siku mwenye nguvu atakapoondoka na sahani yake, nani atalalamika mchuzi ukiwa maji?

Je, basi tuharamishe starehe? La. Mgiriki Epicurus, ambaye jina lake limesingiziwa ulafi kwa karne nyingi, aliishi kwa mkate na maji, na inasimuliwa kwamba alimwandikia rafiki yake ampelekee chungu kidogo cha jibini, ili siku atakapopenda aweze kufanya karamu. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kuwa anayeifurahia anasa zaidi ni yule anayeihitaji kidogo. Jibini lile lilikuwa karamu kwa sababu mkate ulikuwa umetosha. Kwa mtu ambaye mkate haumtoshi, jibini nalo halitamtosha.

Nilimpa mpwa wangu hoja hizi zote. Alisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Mjomba, umewataja wanaokaa. Hukuwataja wanaosimama." Akanieleza kuwa mhudumu huvaa nguo nyingine akiingia katika mkahawa wa ziada, na kwamba baada ya saa kumi na mbili za kazi miguu haijui ni sakafu ya meza gani iliyoichosha. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliyekaa hamjui aliyesimama.

Maneno yake yalinirudisha kwa Luigi Gatti. Jioni ya tarehe 14 Aprili mwaka 1912, mkahawa wake ulikuwa na karamu, na nahodha wa Titanic alikuwa miongoni mwa wageni. Saa chache baadaye meli iligonga jiwe la barafu, na kabla ya alfajiri ilikuwa imezama pamoja na watu zaidi ya 1,500. Gatti alikuwa na wafanyakazi zaidi ya 60, wengi wao Wataliano na Wafaransa. Yeye mwenyewe alikufa, na katika watu wake walionusurika ni watatu tu: wanawake wawili waliokuwa washika fedha, na karani wa jikoni, Paul Maugé. Maugé aliieleza tume ya uchunguzi ya Uingereza kwamba wenzake walizuiwa wasipande juu, na kwamba yeye aliachwa apite, kwa dhana yake, kwa sababu alikuwa amevaa kama abiria.

Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba fahari huzama. Aliyesoma Al-Inkishafi anayajua magofu ya Pate na majumba yaliyonyamaza. Lakini somo ninaloliona hapa ni jingine. Bei iliyoandikwa kwenye orodha ya vyakula si bei yote. Sehemu yake hulipwa na aliyesimama, na hiyo haiandikwi.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Meza ya pili yastahiki bei yake kwa mtu ambaye meza ya kwanza inamtosha: anayeiendea mara moja katika safari, kwa ajili ya mtu anayempenda au ladha anayoijua, akalipa bila kunung'unika, akampa mhudumu haki yake mkononi na kumtazama usoni. Kwa anayelipa kila usiku ili asiketi na wenzake, haistahiki hata ikitolewa bure. Na kabla ya kutia saini jioni ya pili, namshauri aulize kesho chombo kinatia nanga wapi. Kwa sehemu ndogo ya dola zile atakula ufukweni samaki aliyevuliwa alfajiri, kwa mkono wa aliyempika. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji wa bahari hii hayumo ndani ya meli.

Nilipomsomea mpwa wangu maneno haya, alisema yamekuwa marefu mno kwa jambo la chakula, akaniomba niyafupishe. Nimejaribu:

Sinia la watu wengi, si la kudharauliwa,
Japo sahani ni nyingi, na bei kupandishiwa,
Karamu si kwa shilingi, ni kwa moyo kufunguwa,
Mwenye kula na wenzake, ndiye aliyejaliwa.