Kikao cha ziwa si cha wenye mwaliko tu

Mwaka 2006 Ziwa Victoria lilishuka mno. Mei 2020 lilipanda likavunja rekodi ya 1964. Je, mwanasiasa akiitisha kikao cha tabianchi jijini Mwanza, ni haki wavuvi na wachuuzi wa dagaa wabaki nje?

Wapo wanaodai hayo ni mambo ya wataalamu. Mimi nasema mtaalamu hupima kina cha maji. Lakini nani ahame na nani abaki ni suala la haki. Ibara ya 21(2) ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki maamuzi yanayomgusa.

Nasi Waislamu tunayo Surat Abasa: kipofu aliyeingia kwenye mazungumzo na wakubwa wa Makureshi hakuwa na mwaliko, na Mola akamtetea.

Basi kikao kifanyike mwaloni, alasiri, wavuvi wa dagaa kabla hawajaingia ziwani.