Kuomba Ruhusa Penye Nyumba Tupu: Mgeni na Visiwa vya Wabajuni

Kusini ya Kismayo hadi Ras Kiamboni, karibu na mpaka wa Somalia na Kenya, umepangika mlolongo wa visiwa vidogo vya mawe ya matumbawe, vikiwemo Koyama, Chovai na Chula, ambavyo Wabajuni, yaani Waswahili wa mwambao wa kaskazini, wamevikalia kwa karne nyingi. Maji yaliyo baina ya visiwa hivyo na bara yana mikoko, kasa na nguva, na kwa hiyo si ajabu mtu akifikiri kwamba vingefaa kuwa hifadhi ya taifa, eneo linalotengwa na serikali ili viumbe walindwe na wageni waruhusiwe kulitembelea. Lakini kabla ya kuwa suala la utalii, jambo hili ni la fikihi, elimu ya hukumu za sheria ya Kiislamu: ni nani mwenye kumruhusu mgeni kuingia?

Baada ya serikali ya rais wa Somalia, Siad Barre, kuanguka mnamo Januari 1991, Wabajuni wengi waliporwa, wakafukuzwa na kukimbilia Kenya, hasa Mombasa, na ingawa baadhi walibaki au walirudi, sehemu kubwa ya ardhi yao ilionekana kuwa haina mtu. Hapo ndipo ugumu ulipo. Sura ya An-Nur katika Qurani imeweka adabu ya kubisha hodi, na haikuishia kwenye nyumba yenye watu, bali imemzuia mtu kuingia hata pale asipomkuta yeyote, mpaka aruhusiwe, kisha ikazitoa katika katazo hilo nyumba zisizokaliwa ambazo watu wana manufaa nazo, ambazo wafasiri wengi wamezifahamu kuwa ni kama nyumba za wasafiri. Kwa hiyo utupu peke yake haumpi mtu haki ya kuingia. La kuuliza ni kama mahali hapo hapana mwenyewe, au mwenyewe hayupo tu.

Visiwa vyenyewe vinajibu. Vina misikiti ya mawe ambayo mihrabu zake bado zaelekea kibla, na makaburi ya watu ambao wajukuu zao wangali hai. Upo pia ujuzi wa bahari ambao Vinigi Grottanelli, mtaalamu wa Kiitaliano, aliuandikia kitabu mwaka 1955: mvuvi wa Kibajuni humfunga uzi mkiani samaki aitwaye chazo, ambaye ana kinyonyeo kichwani, humwachia karibu na kasa mpaka amgande gambani, kisha huvuta uzi polepole. Mtu hawezi kuvua hivyo asipoijua miamba na mikondo ya mahali pake, na ujuzi huo ni ushahidi wa umiliki ulio mzito kuliko hati nyingi.

Hata hivyo, Uislamu haupingi kutenga ardhi. Himaa, yaani malisho yaliyozuiliwa kwa maslahi ya umma, ilikuwepo zama za Mtume huko Naqi, karibu na Madina. Alipokuwa khalifa, Umar bin al-Khattab alimwagiza msimamizi wa himaa amruhusu kuingia mwenye ngamia na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya matajiri kama Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan, kwa sababu tajiri akifiwa na mifugo ana pa kurejea, ilhali maskini hana. Agizo hilo linastahili kusomwa polepole, kwani linaonyesha kwamba katika himaa haki ya mnyonge ilitangulia, wakati katika hifadhi nyingi za leo mvuvi ndiye wa kwanza kuzuiliwa na mwenye fedha ya kiingilio ndiye wa kwanza kukaribishwa.

Kwa msingi huo, hifadhi yoyote itakayochorewa mipaka katika visiwa hivi kabla ya Wabajuni walioko Kismayo, Mombasa na ng'ambo kuulizwa, na kabla ya wanaotaka kurudi kupata njia ya kurudi kwa amani, itakuwa haijapata idhini ya wenyewe, hata ikiwa na muhuri wa serikali. Na mgeni anayelijua hilo asiteremke pwani yao mpaka wenyewe wamwambie karibu.