Ufinyu wa Mada

Historia ya mahali huchunguza yaliyopita katika eneo dogo: kijiji, bonde, tarafa. Fasili hiyo haina mgogoro. Mgogoro huanza muswada unapofika kwa mchapishaji. Hivi karibuni muswada kuhusu kata moja ya milima ya Usambara, uliotokana na masimulizi ya wazee, ulirudishwa kwa maelezo kwamba mada ni finyu na haina uzito wa kitaifa.

Zipo pingamizi za haki: uchapaji ni ghali, na masimulizi lazima yalinganishwe kabla ya kuaminiwa. Lakini hoja ya ufinyu ni dhuluma. Inalichukulia taifa kuwa na historia inayoelea juu ya maeneo, kana kwamba liko jambo lililowahi kutokea bila kutokea mahali. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 Umatumbi, watu walipong'oa pamba. Asiyejua nani alilazimishwa kulima pamba ile, na akida gani alimsimamia, hajui vita vilianzaje. Mwanahistoria Isaria Kimambo alipochapisha historia ya kisiasa ya Upare mwaka 1969, alionyesha kwamba masimulizi ya koo yanaweza kubeba historia ya utawala. Upana wa kazi umo katika swali lake, na swali kubwa huweza kujibiwa katika kata moja.

Usambara wenyewe ni ushahidi. Habari za Wakilindi, ya Abdallah bin Hemedi, ilianza kuchapwa Magila mwaka 1895, ikatolewa tena 1962. Inahusu ukoo mmoja tu. Mwanzilishi wake, Mbegha, mwindaji aliyeota meno ya juu kwanza na kuhesabiwa kigego, mtoto wa mkosi, anakimbia kutoka kwao Ngulu. Anaua nguruwe mwitu wanaoharibu mashamba ya Washambaa, anawagawia nyama, nao wanampa chakula cha shambani. Baadaye anaamua kesi zao. Mwishowe anatawala Vugha. Namna mgeni anavyogeuka mtawala kwa kutoa kabla ya kudai ni suala la siasa popote, lakini hapa linaonekana hatua kwa hatua, pande la nyama kwa pande la nyama.

Muswada ukikataliwa, wenyeji kujichapishia wenyewe hakumalizi tatizo. Ukoo unaochanga gharama mara nyingi hutaka babu yao asifiwe na ugomvi wa ardhi uachwe nje, na mtafiti aliyemkwepa mchapishaji hujikuta akijadiliana na wajukuu juu ya sura ipi ibaki.