Mtoto wa Maskini ni wa Nani?

Katindo ni mtaa wa mji wa Goma, penye mawe meusi ya volkeno. Chukua mfano wa bibi mjane akaaye huko na wajukuu wake watatu. Mama yao amekufa, baba yao alipotea vitani. Bibi huuza makala sokoni, na siku nyingine watoto hulala na njaa. Mtu mwema apita, awaona wamekonda, asema: «Mama, nipe hawa watoto. Nitawapeleka katika nyumba ya yatima. Huko watapata kitanda, chakula na shule.» Je, mtu huyo atenda tendo la mapendo, ama akosa?

Wengi hujibu upesi: atenda mapendo. Lakini jambo hili lataka kupimwa kwa utulivu.

Kwanza iulizwe: watoto hawa wamepungukiwa na nini? Wamepungukiwa na chakula na karo ya shule. Hawakupungukiwa na mtu wa kuwapenda, wala wa kuwaita kwa majina yao, wala wa kuwaonyesha ukoo wao. Basi dawa ya njaa ni chakula. Anayeponya njaa ya mtoto kwa kumwondolea bibi yake, amempa kitu kimoja na kumnyang’anya kingine kilicho kikubwa zaidi. Umaskini ni shida, si kosa. Na mtu asiye na kosa haifai kuadhibiwa kwa kunyang’anywa watoto.

Habari ya Musa yafundisha jambo hili. Binti Farao alimwokota mtoto mtoni, akakubali atafutiwe mwanamke wa kumnyonyesha. Dada ya mtoto akamwita mama mzazi mwenyewe, na binti wa mfalme akampa mama yule ujira. Hivyo mali ya nyumba ya kifalme ilimsaidia mama kumlea mwanawe. Binti Farao alifanya hivyo bila kujua. Mkristo yampasa kufanya hivyo akijua.

Pili, yafaa kukumbuka yaliyotendeka katika nchi hii hii. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, watoto waliozaliwa na baba wazungu na mama weusi walitafutwa na serikali, wakaondolewa kwa mama zao, wakapelekwa mbali katika misioni, kama Katende katika Kasai, na Save katika Rwanda. Walisema ni kwa ajili ya mema ya watoto. Kilio cha mama hakikusikilizwa. Mwaka 2017 maaskofu wa Ubelgiji waliomba radhi kwa sehemu ya Kanisa katika mambo hayo, na mwaka 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji aliomba radhi kwa niaba ya serikali. Wanawake watano waliochukuliwa wakiwa watoto wadogo na kupelekwa Katende walishitaki, na tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels ilitamka kwamba tendo hilo lilikuwa jinai juu ya ubinadamu. Wakati huo walikuwa wamekwisha kuwa wazee. Fedha za fidia haziwezi kuwarudishia utoto wao.

Wala si Kongo peke yake. Katika Kanada, watoto zaidi ya 150,000 wa wenyeji wa asili walipelekwa katika shule za bweni, nyingi zikiongozwa na Wakatoliki. Mwezi wa Julai 2022 Papa Fransisko alikwenda huko kuomba msamaha. Marekani iliweka sheria mwaka 1978: mtoto wa wenyeji wa asili akikosa mlezi, watafutwe kwanza jamaa zake, halafu watu wa kabila lake, ndipo wengine wa asili kama yeye.

Tatu, nyumba ya yatima yaweza yenyewe kuongeza yatima. Mwaka 1994, wakimbizi wengi mno walipoingia Goma kutoka Rwanda, na kipindupindu kikaua watu kwa maelfu, vilifunguliwa vituo vya watoto waliopotewa na wazazi. Lakini wazazi wengine waliokuwa hai waliwaacha watoto wao humo, kwa kuwa humo mlikuwa na chakula. Hawakukosa upendo. Msaada uliwekwa mahali ambapo mtoto alipaswa kutengwa ili aupate.

Hapa mtu aweza kupinga akisema: «Je, mtoto anayepigwa vibaya, ama anayeitwa mchawi na kufukuzwa, naye abaki kwao?» La, hasha. Nyumba ikiwa hatari, mtoto aondolewe, na bila kukawia. Sheria ya Kongo ya mwaka 2009 ya kuwalinda watoto yamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi, na iliweka mahakama ya watoto, ili jambo zito kama hili lisiamuliwe na mtu mmoja tu, hata akiwa mwema. Lakini hata hapo itafutwe kwanza nyumba ya shangazi, ya mjomba, ama ya jirani anayejulikana. Jina la mtoto na la wazazi wake liandikwe, lisibadilishwe. Na mlango wa kurudi usifungwe.

Vita vilipoingia tena Goma mwezi wa Januari 2025, watoto wengi walitengana na wazazi wao. Kazi ya kwanza kwa mtoto wa namna hii ni kuuliza: «Wewe ni mwana wa nani? Mlikuwa mkikaa wapi?» Kitanda na sahani vyaja pamoja na maswali hayo, visiwekwe badala yake.

Basi mtu mwema wa Katindo afanye nini? Amnunulie bibi gunia la unga. Alipe karo shuleni. Amwombe jirani awaangalie watoto bibi anapokwenda sokoni. Na jioni apite tena, aone kama wamekula.

Maswali ya kujibu pamoja na katekista:
1. Kuna tofauti gani kati ya nyumba maskini na nyumba mbaya?
2. Mama ya Musa alisaidiwaje kumlea mwanawe?
3. Ni nyumba gani kijijini petu yenye mtoto anayekaribia kupelekwa mbali kwa sababu ya njaa tu?