Ukingo wa Dari na Ukingo wa Mto
(5 Mose 22, 8)



Katika mstari huu imo amri ambayo wengi huipita upesi. Waisraeli walijenga nyumba zenye dari tambarare, nao hukaa juu yake jioni pamoja na wageni wao. Basi Mungu aliagiza kwamba ajengaye nyumba mpya azungushe ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka, na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Angalieni: hajaanguka mtu bado, nayo amri imekwisha kutolewa. Mungu hakungoja matanga.

Sisi tukaao chini ya mlima Meru hatukai juu ya dari. Lakini twakaa kando ya Themi, na Naura, na Burka, mito ipitayo katika mji wa Arusha. Wakati wa masika mvua ikinyesha sana huko juu, mto hujaa huku chini kabla watu hawajajua. Nao watu ni wengi: hesabu ya mwaka 2022 ilikuta mjini zaidi ya laki sita. Mwezi wa Aprili 2024 gari la shule lilichukuliwa na mafuriko mjini, watoto wakafa. Mji mzima ulilia.

Penye makaburi twazoea kusema kwamba ni mapenzi ya Mungu. Ndugu, tuogope kumsingizia Mungu. Mvua ni yake. Lakini takataka zizibazo mifereji yetu ni za nani? Na viwanja vya kando ya mto huuzwa na nani, ingawa sheria ya mwaka 2004 yakataza kujenga ndani ya mita 60 za ukingo wake?

Nami sina budi kujishitaki kwanza. Mwaka mmoja nilijenga ukuta nyuma ya nyumba yangu, maji yasiingie. Nikamshukuru Mungu. Masika ilipofika, maji yaligonga ukuta wangu, yakageuka, yakaingia kwa jirani yangu mjane, yakachukua kuku wake na unga wake. Ukuta wangu ulinilinda mimi. Ukingo wa Mose humlinda mwenzangu. Niliubomoa, tukachimba mfereji pamoja, lakini aibu ile sijaisahau.

Dr. Martin Luther katika Katekisimo Ndogo atufundisha kwamba amri ya tano haikatazi kuua tu, bali yatutaka tumsaidie jirani katika shida zote za mwili wake. Na wazee wetu Wameru na Waarusha walisafisha mifereji ya mashamba kwa pamoja, asiyefika alitozwa.

Basi, kabla ya masika tufanye vivyo hivyo. Kila mtaa uzibue mifereji yake. Waalimu wasome kanisani matangazo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wazee wa kanisa wajue ni nani akaaye bondeni, nani mgonjwa, nani kipofu, na ni nani atakayembeba usiku. Mtoto asivushwe mto uliojaa, hata kama atachelewa shule.

Bwana wetu hakujijengea ukuta. Alitoka nje ya mji, akafa kwa ajili yetu (Ebr. 13, 12). Aliyelindwa hivyo, amlinde jirani yake. Amin.