Mkongojo Si Ukosefu wa Imani

Masomo: 2 Samweli 4:4, Zekaria 8:4, Matendo ya Mitume 3:1-11



Juma hili nimeombwa niandike juu ya imani na uponyaji. Ningeweza kuandika ushuhuda mtamu, maana ninao. Lakini kila nikishika kalamu moyo unanirudisha kwa kosa langu mwenyewe, na nimeona ni afadhali nilitoe hapa kuliko kulificha.

Baba yangu ana miaka 76. Alikuwa fundi wa baiskeli hapa Kanduyi, na wengi wenu mmepanda baiskeli alizonyoosha. Miaka sita iliyopita mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka akiwa ameketi tu. Halafu hatua zikawa fupi. Akawa anaburuta miguu, ameinama mbele kama mtu anayesukumwa na upepo mgongoni. Kule sokoni wakasema amerudia pombe, na Baba aliacha pombe kabla sijazaliwa. Kijijini wakasema kuna mkono wa mtu. Sisi wa kanisani hatukusema hivyo, lakini tuliuliza kwa sauti ya chini kama kuna dhambi hajaungama. Unaona? Kila mmoja alikuwa na jibu, na hakuna aliyemuuliza yeye anasikiaje.

Daktari ndiye alitupa jina: ugonjwa wa Parkinson. Sio laana, wala si jambo jipya. Daktari mmoja wa London, James Parkinson, aliuandika mwaka wa 1817. Ndani ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza kitu kinachoitwa dopamini, na hicho ndicho kinasaidia mwili usogee bila wewe kuufikiria. Wewe ukitaka kutoka kwa kiti hadi mlangoni, unaenda tu. Kwa mgonjwa huyu chembe hizo zimekufa kidogo kidogo, na kile ambacho mwili ulikuwa unafanya wenyewe, sasa lazima akifanye kwa kukifikiria, hatua kwa hatua. Ukimsalimia akiwa njiani, akili inagawanyika mara mbili, na hapo ndipo anaweza kuanguka.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kuganda. Baba anatembea vizuri, anafika mlangoni, miguu inashikwa na sakafu kama imepigwa misumari. Mwili wa juu unaendelea, miguu imebaki. Mara nyingi inatokea mahali pembamba, au anapogeuka, au watu wakimharakisha. Si ukaidi. Na dawa anazomeza zinapunguza ule ugumu na ule uzito wa mwili, lakini kwa usawa wa mwili hazisaidii sana. Ndiyo maana mtu anaweza kumeza tembe zake vizuri na bado akahitaji mkongojo.

Sasa nije kwa kosa langu.

Ilikuwa ibada ya maombi ya wagonjwa. Si lazima nitaje ni wapi. Mhubiri aliita wagonjwa mbele, nami nilikuwa kati ya wahudumu waliosimama karibu na madhabahu. Baba akaja na mkongojo wake, pole pole. Tukaomba. Uso wake ulikuwa na amani, na akanyoosha mgongo kidogo. Watu wakaanza kupiga vigelegele. Mhubiri hakusema mkongojo utupwe, wacha niseme ukweli. Mimi ndiye niliyeunyakua. Niliuinua juu watu wauone, nikamwambia, "Baba, tembea!"

Alitembea hatua nne. Akajaribu kugeuka kurudi kwangu. Miguu ikaganda, mwili ukaendelea, akaanguka ubavu. Nyonga ikavunjika. Vigelegele vilinyamaza, na mimi nilikuwa bado nimeinua ule mkongojo.

Alilala hospitalini majuma matatu. Siku moja, tukiwa wawili tu, aliniuliza swali ambalo sijaweza kuliondoa kichwani: "Kijana, siku ile ulitaka nipone, ama ulitaka watu waone nimepona?"

Wapendwa, hilo ndilo swali la somo hili. Sisi ni Wapentekoste. Tunaamini Mungu anaponya, na mimi ninaamini leo kama nilivyoamini siku ile. Swali si kama Mungu anaweza. Swali ni hili: imani yangu ikitaka kuonekana, ni nani atakayelipa? Nikijitoa mwenyewe, nikafunga, nikatoa mali yangu, ni sawa, nimelipa mimi. Lakini siku ile imani ilikuwa yangu na mfupa ulikuwa wa Baba. Nimefikia kuamini kwamba imani ya namna hiyo haistahili jina hilo. Ni haraka tu iliyovaa nguo za imani.

Biblia inajua habari za haraka. Soma 2 Samweli 4:4. Mefiboshethi hakuzaliwa kilema. Alikuwa mtoto wa miaka mitano, habari mbaya zikaja, yaya akambeba akakimbia, na katika ile mbio mtoto akaanguka. Yule yaya hakuwa adui. Alimpenda mtoto. Alichokosa si upendo, alikosa kuangalia aliyebebwa. Na mtoto yule akaishi na miguu ile hata alipokuwa mtu mzima. Haraka haraka haina baraka, na anayekosa baraka mara nyingi si yule anayekimbia, ni yule anayebebwa.

Ndugu mmoja aliniuliza, "Na Petro je? Pale Mlango Mzuri si alimwinua kiwete?" Ni swali zuri, nami nimelisoma andiko hilo mara nyingi tangu siku ile. Angalia mambo mawili. Kwanza, Petro alimshika yule mtu mkono wa kuume. Alitoa mkono wake, hakunyang'anya kitu. Pili, soma hadi mstari wa 11. Mtu amekwisha kupona, ameruka, ameingia hekaluni, na bado anawashikilia Petro na Yohana. Hakuna aliyemwambia, "Tuachilie, kwani hujapona?" Hata muujiza kamili haukuona aibu kushikilia mtu.

Tena Bwana Yesu alipowatakasa wale kumi wenye ukoma, aliwatuma wajionyeshe kwa makuhani, kama torati ilivyoagiza. Uponyaji wa kweli hauogopi kukaguliwa. Kama Mungu amemponya mzee wako Jumapili, bado atakuwa mzima Jumanne kwa kliniki. Mkongojo atauweka chini mwenyewe, kwa wakati wake, na hakuna atakayehitaji kumpokonya. Na tembe vilevile: mgonjwa wa Parkinson akiacha dawa ghafla anaweza kupata hatari kubwa. Mchungaji, mzee wa kanisa, mama wa maombi, tusimwambie mtu aache dawa. Hiyo ni kazi ya daktari wake.

Lakini sijamaliza kuungama. Baada ya nyonga kupona niliingia kosa la pili, na hili lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilifanana na upendo.

Niliogopa. Nikaamuru Baba asitembee kabisa. Chakula kiletwe pale pale, maji pale pale, redio pale pale. Kanisani asije, tutamletea maombi nyumbani. Akijaribu kuinuka, mtu anasema, "Kaa, Baba, utaanguka!" Miezi miwili ikapita. Miguu ikakonda. Sauti ikafifia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipomwona alisikitika, akatuambia kwamba kukaa tu kunazidisha ugumu na kuondoa nguvu, na kwamba asiyetembea ndiye atakayeanguka vibaya zaidi siku atakapolazimika kuinuka. Nilikuwa nimemlinda Baba asianguke kwa kumzika akiwa ameketi.

Mara ya kwanza nilitaka atembee ili mimi nitukuzwe. Mara ya pili nilitaka akae ili mimi nisiogope. Mara zote mbili sikumuuliza.

Safari hii nikamuuliza. Akasema anataka kufika kanisani kwa miguu yake, na kwamba akianguka, aanguke akienda nyumbani kwa Mungu wala si akitazama ukuta. Nani alikuwa na haki ya kumkatalia? Kuna hatari ambayo ni ya mwenye mwili kuichagua. Kazi yetu ni kuipunguza, si kumnyang'anya maisha ili tuiondoe yote.

Basi tukajifunza. Yule mtaalamu alitufundisha kwamba mtu akiganda, usimvute wala kumsukuma. Simama naye. Mwache apumue, ahamishe uzito mguu mmoja hadi mwingine, halafu mhesabie: moja, mbili, tatu. Weka mguu wako mbele ya wake, umwambie auruke. Kama kuna mstari sakafuni, miguu inaukanyaga vizuri kuliko sakafu tupu. Asigeuke papo hapo kwa mguu mmoja. Azunguke kwa nafasi, kama trela la Malaba linavyokata kona pale makutano ya Kanduyi. Na akitoka kitandani aketi kwanza kidogo, maana presha inaweza kushuka anaposimama na kichwa kikazunguka.

Na kitu kingine, wapendwa, ambacho kilinitoa machozi. Jumapili ya kwanza aliporudi aliganda pale mlangoni petu. Watu wakajaa nyuma yake, mimi nikaanza kutokwa na jasho. Ndani kwaya ikaanza pambio, ngoma ikashika mdundo, watu wakapiga makofi. Baba akainua mguu kwa mdundo ule. Kushoto, kulia, akaingia. Baadaye mtaalamu akaniambia jambo hilo linajulikana: mdundo unaweza kuufungulia mwili njia ambayo ubongo umeshindwa kuifungua. Miaka yote tumekuwa na dawa hiyo hapa ndani na hatukujua.

Msifikiri ni Baba peke yake. Wataalamu walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, nchini Tanzania, na katika utafiti wao uliochapishwa 2008 wengi wa wagonjwa wa Parkinson waliowapata hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Walikuwa wazee tu "wanaotetemeka." Je, ni wangapi kati yetu? Na usidhani ni ugonjwa wa walio dhaifu. Wazee wetu wanakumbuka usiku wa Kinshasa mwaka wa 1974, Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman. Mwaka wa 1984 huyo huyo Ali aliambiwa ana Parkinson. Mwaka wa 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta, mkono ukitetemeka mbele ya dunia nzima, na hakuuficha.

Sisi wa huku tuna heshima ya fimbo pia. Mzee anayeswala kumuse husimama kati ya watu na fimbo yake mkononi, na hakuna anayemwona dhaifu. Kwa nini basi fimbo ile ile ikivuka mlango wa kanisa iwe aibu?

Zekaria 8:4 ndiyo imenifunga mdomo kabisa. Nabii anaona Yerusalemu iliyorudishwa, mji ambao Bwana mwenyewe amerudi kukaa. Anaona nini katika njia zake? Wazee wa kiume na wa kike wameketi, na kila mmoja ana mkongojo mkononi, kwa sababu ya wingi wa siku zake. Hebu fikiria. Bwana yupo, baraka zimejaa, na mikongojo ipo. Haikutupwa nje ya lango. Imetajwa kama ishara ya baraka, kwamba watu wameishi wakazeeka. Katika mstari unaofuata watoto wanacheza katika njia hizo hizo, na hakuna anayewaangusha wazee.

Sasa, kanisa, tufanye nini? Nimeongea na mashemasi na tumekubaliana machache. Tutabandika mistari ya utepe mlangoni na kwenye njia ya kwenda madhabahuni. Viti viwili vyenye mikono vitakaa karibu na mlango, na njia ya kati isiwekwe mikoba wala nyaya za spika. Wito ukitolewa na mzee hawezi kufika mbele, waombaji wataenda alipo. Tukisema "simameni," tuseme pia "anayeweza." Na wewe uliyeketi nyuma ya mzee aliyeganda, usisukume wala usisonye. Hesabu naye.

Nyumbani, tusaidie mifuko pia. Pesa ya Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mzee aliyefikisha miaka 70, inakwisha upesi kwa bodaboda na tembe. Sadaka ya kumfikisha mzee kliniki ni sadaka.

Namalizia hapa. Nilipokuwa mdogo Baba alinifundisha baiskeli katika ile njia ya vumbi nyuma ya nyumba. Alikimbia nyuma yangu ameshika kiti, siku nyingi, jasho likimtoka. Hakuachilia mpaka aliposikia kwa mkono wake kwamba baiskeli imejishika. Wala hakuiinua juu majirani waone. Ningekumbuka siku zile, nisingenyakua ule mkongojo.

Baba amenisamehe. Anatembea kidogo, anaanguka mara moja moja, na tunaendelea kumwombea uponyaji kila Jumatano. Ukimwona njiani na mkongojo wake, usimuulize imani yake iko wapi. Mpe mkono, kisha utembee mwendo wake.

Bwana atusaidie. Amina.