Jiko la Chini

 Saa hizi za asubuhi katika nyumba nyingi mkaa umeshakolea. Jiko liko chini, uani, uji unatokota. Mama kageuka mara moja tu kufuata sukari. Nyuma yake, mtoto aliyejua kutembea juzijuzi ananyoosha mkono kwenye ukingo wa sufuria.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Lakini moto si mwalimu wa kumwachia mtoto. Ngozi yake ni nyembamba kuliko yetu. Chai unayoipuliza wewe ukainywa, yeye inamuunguza.

Basi leo tuanze na madogo. Jiko likae juu ya kitu imara, au lizungushiwe kizuizi. Chupa ya chai isikae ukingoni mwa meza, wala kitambaa chake kisining'inie mtoto akakivuta. Maji ya kumwogeshea, tangulia ya baridi ndipo uongeze ya moto, kisha uyapime kwa kiwiko.

Na akiungua? Usimpake dawa ya meno, unga wala yai. Mvue nguo iliyolowa, isipokuwa iliyogandamana na ngozi. Mmwagie pale alipoungua maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20. Funika kidonda kwa kitambaa safi, umkimbize kituo cha afya.

Kabla hujatoka leo, chuchumaa jikoni kwako, ulingane na kimo cha mwanao. Tazama: mkono wake unafika wapi?